«Kabisa» Moja, Maana Mbili

Hakuna neno tunalolitumia kwa urahisi kama hili: «kabisa». Asubuhi mama auliza kama maji yamechemka, mtoto ajibu: «Kabisa, mama.» Sokoni mwenye kuuza aapa kwamba hiyo ni bei ya mwisho kabisa, na baada ya kitambo apunguza tena. Kanisani twaahidi kuacha kabisa tabia mbaya tuliyoungama. Neno ni dogo, nalo linaingia katika maneno yetu yote kama chumvi katika chakula.

Sisi tumefundisha Kiingereza miaka mingi katika shule ya sekondari. Kila mwaka wanafunzi walituuliza: «Mwalimu, “kabisa” kwa Kiingereza ni nini?» Zamani tulijibu upesi: «Ni “completely”», kisha tukaendelea na somo. Siku hizi hatujibu upesi tena. Twapenda kuwaeleza sababu, ingawa ndani yake imo aibu yetu sisi wenyewe, na maumivu ya mtu mwingine.

Katika mtaa wetu palikuwa na mzee mmoja, fundi wa mbao, baba wa watoto saba. Siku moja alianguka kutoka juu ya paa la nyumba aliyokuwa akiijenga, akavunjika mguu chini ya goti. Walimpeleka hospitali. Wakati ule alikuwako mganga mgeni aliyekuja kusaidia kwa miezi michache. Alikuwa mtu mwema na stadi, lakini hakujua Kifaransa wala Kiswahili. Jamaa za mzee wakatuita tuwe wakalimani. Tulikwenda kwa furaha, na, tuseme ukweli, kwa majivuno kidogo, kwa sababu katika mtaa mzima hapakuwa na mtu mwingine wa kazi hiyo.

Baada ya majuma kadhaa mganga alitazama picha ya mfupa, akatugeukia akasema: «The bone has not completely healed.» Tena akaongeza kwamba mgonjwa angoje bado. Nasi tukawaambia jamaa kwa sauti ya mtu ajuaye: «Mganga asema, mfupa haujapona kabisa. Inapasa kungoja tena.» Mganga aliitwa kwa mgonjwa mwingine, nasi tukarudi shuleni.

Ndugu, sikilizeni sasa maneno hayo kwa masikio ya mama yule aliyeketi kando ya kitanda cha mume wake. Alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili na cherehani yake ili alipe matunzo. Naye asikia: «Haujapona kabisa.» Je, alielewa nini? Alielewa kwamba mfupa haukupona hata kidogo, kwamba majuma yote na fedha zote zilikwenda bure. Mkubwa wa ukoo akasema: «Basi tungoje nini hapa? Turudi naye nyumbani.» Jioni ile ile walimchukua. Nyumbani waliikata ile bandeji ngumu, wakamwita mtu wa kuunga mifupa.

Siku ya nne binti wa mzee akatujia shuleni, akasimama mlangoni na machozi machoni. Akasema: «Mwalimu, shikamoo. Naomba kujua: mganga alisema mfupa umekufa?» Tukashangaa. Tukamjibu: «Hapana, mwanangu. Alisema wapona vema, umebaki muda kidogo tu.» Binti akatutazama, akasema pole pole: «Lakini ninyi mlituambia haujapona kabisa.»

Hapo ndipo tulipotambua kosa letu. Tulikimbia naye mpaka nyumbani kwao, na siku ile ile mzee akarudishwa hospitali. Mfupa ulikuwa umekwisha kupinda, ikawa lazima kuunyosha upya kwa maumivu makubwa. Leo mzee atembea kwa fimbo, wala hapandi tena juu ya paa. Wanawe ndio wanaopanda, naye akaa chini akiwaelekeza.

Tulipokuwa tukitafuta wapi tulipokosea, tuliona kwamba hatukusema uongo. Kila neno la mganga tulilitia katika Kiswahili. Lakini Kiswahili chetu, kinapoweka «kabisa» nyuma ya neno la kukana, chafungua milango miwili. «Haujapona kabisa» yaweza kuwa: umepona sehemu, sehemu imebaki. Tena yaweza kuwa: haukupona hata kidogo. Mwenye kusema ajua anasimama mlangoni gani. Mwenye kusikia akiwa na hofu, aingia mlango wa hofu yake.

Kiingereza chatofautisha mambo hayo mawili waziwazi. Mwingereza akisema «not completely», «not fully» au «not entirely», maana yake jambo limefanyika kwa sehemu, na kuna kitu kilichobaki. Akitaka kusema kwamba hakuna lolote, husema «not at all». Tena mahali pa neno katika sentensi pana nguvu. «I do not entirely agree» ni maneno ya mtu mpole: nakubali mengi, lakini si yote. «I entirely disagree» ni maneno ya mtu aliyefunga mlango: sikubali hata moja. Maneno ni karibu yale yale, lakini la kwanza laacha nafasi ya kuzungumza, na la pili halina nafasi.

Wanafunzi wetu waliosoma Kifaransa wanaijua tofauti hiyo tayari, ila hawaifikiri. «Pas tout à fait» na «pas du tout», yote mawili yana neno moja la «tout» ndani yake, tena yaanza kwa «pas». Lakini mwalimu akiandika «pas tout à fait» kando ya hesabu yako, wewe wafurahi na kusahihisha kidogo. Akiandika «pas du tout», waanza upya.

Nasi katika Kiswahili hatukosi dawa. Kama jambo limebaki sehemu, tuseme: «Mfupa waendelea kupona, lakini haujamaliza.» Kama hakuna lolote, tuseme: «Haukupona hata kidogo.» Maneno hayo ni marefu kidogo kuliko «kabisa» peke yake, lakini yangaliokoa mguu wa mzee wetu.

Tangu siku ile tulianza kuyachunguza maneno yale ya Kiingereza ambayo sote twayatafsiri «kabisa». Ni mengi: «completely», «entirely», «fully», «totally», «wholly», «utterly», «thoroughly», «absolutely», «quite». Mwanafunzi akiyaona katika kamusi adhani ni ndugu mapacha, aweza kuchukua yeyote. Sivyo. Kila moja lina asili yake na marafiki zake.

«Completely» latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kujaza. Fikirini mtungi uliojaa mpaka ukingoni. Kwa sababu hiyo lapatana na mambo yenye mwisho: kazi iliyomalizika, nyumba iliyoteketea, chombo kilicho kitupu. «Fully» nalo ni la kujaa, nalo hupenda kipimo kilichotimia: mgonjwa amepona «fully», deni limelipwa «fully». «Totally» latoka kwa neno la Kilatini lenye maana ya jumla yote. «Entirely» latupitia kwa Kifaransa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kitu ambacho hakikuguswa, hakikumegwa. Ndiyo maana lafaa tunaposema kwamba hakuna sehemu iliyoachwa nje: meza yote ni ya mbao, kosa lote ni langu. «Thoroughly» ni ndugu wa neno lenye maana ya kupita ndani hata upande wa pili. Hilo ni neno la mwenye bidii: nguo imefuliwa, nyama imepikwa, somo limesomwa, wala hakuna pembe iliyosahauliwa.

Lakini tusidhani kwamba kujua asili kwatosha. Mwaka 1970 mtaalamu Sidney Greenbaum alitoa kitabu juu ya maneno ya namna hii. Aliwapa wanafunzi wenye kusema Kiingereza mwanzo wa sentensi, «I entirely», akawaomba wamalizie. Wengi wao waliandika neno moja: «agree», yaani nakubali. Hakuna aliyewaamuru. Masikio yao yalikwisha kuzoea kuyasikia maneno hayo mawili yakitembea pamoja.

Neno la ajabu zaidi ni «utterly». Asili yake ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya nje, basi ni kama kusema: hata ukingo wa nje, pasipo kitu mbele. Mwaka 1993 Bill Louw, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe, aliandika juu ya neno hili baada ya kutazama mifano mingi iliyokusanywa kwa kompyuta. Alionyesha kwamba marafiki zake mara nyingi ni wabaya: kuchoka, kupotea, kuharibika, upumbavu, kutofaa kitu. Watu hulitumia pia kwa mambo mema, lakini ni mara chache. Mwanafunzi wetu mmoja aliandika kwamba mama yake ni «utterly kind», akitaka kumsifu kwa wema. Sarufi yake haikukosewa, lakini Mwingereza angesoma na kusita kidogo, kama mtu aonaye bibi arusi aliyevaa nguo nyeusi.

Tusiwacheke Waingereza kwa hayo, kwa maana Kiswahili kizuri cha pwani chafanya vile vile. Nguo ni nyeupe pe. Mtu amelala fofofo. Mlevi amelewa chakari. Giza ni totoro. Mkaidi amekataa katakata. Nguo zimeloa chepechepe. Maneno hayo yote ni «kabisa», walakini nani atasema kwamba nguo ni nyeupe fofofo, au kwamba mtu amelala katakata? Mtoto mdogo atacheka. Hatukuandikiwa sheria hizo mahali popote. Tulizipokea kwa wazazi pamoja na chakula. Na wewe, msomaji, muulize bibi yako katika lugha ya kwenu. Bila shaka atakuonyesha maneno ya namna hiyo, kila moja na mwenzake. Hivyo anayejifunza Kiingereza asitafute neno moja la kujibu «kabisa». Asikilize neno gani latembea na neno gani, aandike yote mawili pamoja katika daftari yake.

Yako makosa mengine mawili ambayo wanafunzi wetu huyafanya kila mwaka. La kwanza: sisi twasema «kubwa kabisa», maana yake kikubwa mno au kinachopita vingine vyote. Mwanafunzi huandika «completely big». Kiingereza chakataa, kwa sababu ukubwa hauna ukingo. Daima chaweza kuonekana kingine kikubwa zaidi. «Completely» lataka jambo lenye mpaka: kujaa, kukauka, kufa, kumalizika. Kwa kitu kikubwa tuseme «very big», na kwa kinachopita vyote tuseme «the biggest».

La pili ni neno «quite», lenye nyuso mbili. Likikaa pamoja na neno lenye mpaka, maana yake ni kabisa: «quite impossible», haiwezekani kabisa. Likikaa na neno lisilo na mpaka, kama uzuri au baridi, mara nyingi kwa Waingereza lapunguza: «quite good» ni vizuri kiasi, si zaidi. Lakini Mmarekani akisema hivyo, pengine akusifu kwelikweli. Mwanafunzi apokeaye barua yenye neno hilo asikimbilie kufurahi wala kuhuzunika, bali atazame kwanza limeandikwa na nani, na limekaa karibu na neno gani.

Huenda baadhi yenu mwasema: «Mwalimu, hayo ni ya shuleni, yatufaa nini sisi wazazi?» Yawafaa. Tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, vijana wetu wengi wamependa zaidi Kiingereza kwa ajili ya biashara na masomo. Watatafsiri mapatano, dawa, deni na kesi, kama sisi tulivyotafsiri mfupa wa jirani. Mkalimani akosaye neno dogo aweza kuuza shamba la baba yake.

Tena yako jambo zaidi ya Kiingereza. Maneno ya ukamilifu ni maneno mazito, kwa maana hayaachi kitu nyuma. Kumbukeni Anania na Safira katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Waliuza kiwanja chao, wakaficha sehemu ya bei, wakaileta iliyobaki mbele ya Mitume kana kwamba ni yote. Petro alimwonyesha Anania kwamba fedha ile ilikuwa katika uwezo wake, hakuna aliyemlazimisha. Dhambi yao ilikuwa katika kuita «yote» kitu kilichokuwa sehemu. Na mjane maskini Hekaluni alitoa visarafu viwili tu, lakini Bwana Yesu alimsifu kwa sababu vile viwili ndivyo vyote alivyokuwa navyo.

Nasi nyumbani kwetu je? Baba aliyekasirika amwambia mtoto wake: «Wewe ni mjinga kabisa.» Mtoto amekosa hesabu tatu katika kumi, baba amwondolea zile saba pia. Mume amwambia mke: «Hunisaidii kabisa», na chakula alichompikia kingali mezani. Mama amwambia jirani: «Sikuamini kabisa», kwa ajili ya neno moja aliloambiwa na mtu mwingine. Tumelichukua neno lisiloacha kitu, tukalitupa juu ya kichwa cha mtu ambaye bado ana mema mengi. Huo nao ni ukalimani mbaya: moyo una hasira ya sehemu, ulimi watangaza hasira yote.

Kati ya maneno yale ya Kiingereza tumebakiza mawili, maana ndiyo tunayoyapenda zaidi. La kwanza ni «absolutely». Latoka katika Kilatini, katika neno lenye maana ya kufungua na kuachilia. Ni ukoo mmoja na neno la maondoleo ambayo Padri hutupa katika Kitubio. Padri akitufungulia dhambi zetu, hafungui nusu ya kamba. La pili ni «wholly», litokalo katika «whole», yaani kizima. Neno hilo ni ndugu wa kale wa neno la Kiingereza la kuponya, tena wa neno lao la utakatifu. Hata sisi kwa Kiswahili twasema mtu ni mzima akiwa hana ugonjwa, na twasema mkate mzima usipomegwa. Uzima na ukamilifu havikai mbali.

Baada ya mzee kurudishwa hospitali, tulikwenda kumwomba radhi mbele ya mke wake na wana wake. Tulisema kwa Kiswahili kinyofu kwamba sisi ndio tuliomvunja mara ya pili, kwa ulimi. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Mwalimu, nimesikia. Lakini leo sijawasamehe kabisa.»

Tuliinamisha vichwa. Tukakumbuka ile milango miwili, tukaogopa kuuliza. Mke wake ndiye aliyeuliza kwa ajili yetu: «Baba watoto, wasema hata kidogo, au wasema bado kidogo?» Mzee akacheka, ingawa mguu ulimwuma. Akajibu: «Nasema bado kidogo. Nimeanza. Nipeni muda, kama mfupa.»

Tukampa muda. Kila Jumapili baada ya Misa tulipita kumsalimu, na wanawe wawili tuliwafundisha Kiingereza jioni bila malipo. Karibu na Pasaka alitushika mkono, akasema: «Sasa imekwisha.» Hakutumia tena neno «kabisa», wala sisi hatukuuliza kitu.

Basi, ninyi wanafunzi, mkikutana na maneno hayo ya Kiingereza, msiyatupe yote katika kapu moja. Na ninyi wazazi, kabla ya kusema «kabisa» juu ya mtoto, juu ya mwenzi au juu ya jirani, jiulizeni kama mwamaanisha yote au sehemu. Na mtu akiwaletea habari yenye neno hilo, msione haya kuuliza kama mama yule alivyouliza: hata kidogo, au bado kidogo?